Bastola kiunoni, farasi chini yako: namna ya kuibeba salama Nyanda za Juu Kusini

Ukishapanda farasi, kiuno chako kiko usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Farasi wa kimo cha kawaida ana mita moja na nusu hivi begani, weka na tandiko juu yake, hesabu mwenyewe. Koti lililoificha bastola vizuri ulipokuwa unatembea Mafinga mjini litaifichua ukiwa juu, kwa sababu pindo limepanda, limetanuka juu ya tandiko, na anayekutazama yuko chini yako. Hilo moja. La pili ni kubwa zaidi: anayepanda farasi huanguka. Na siku utakayoanguka, bastola itaanguka pamoja na wewe au itaondoka na farasi. Karibu kila ninachokieleza hapa kinatokana na mambo hayo mawili.

Ninaowaandikia si wengi: wasimamizi wa mashamba ya chai na parachichi Mufindi na Njombe, wenye mashamba ya miti wanaozungukia mipaka wakati wa kiangazi moto unapotishia, na familia chache za Iringa na Mbeya zilizofuga farasi. Watu ambao tayari wana silaha ya leseni na wamefundishwa kuitumia wakiwa wamesimama ardhini. Kama bado hujui kutoa risasi kwenye bastola yako macho yakiwa kwingine, usianzie juu ya farasi.

Sababu na karatasi

Silaha ya kiraia hapa nchini inamilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlango wake ni Polisi. Leseni ina jina lako wewe, si jina la shamba. Kwa mpanda farasi maana yake ni kwamba ukishuka kufungua geti, humpi saisi, mtunza farasi wako, akushikie bastola. Ukiingia kwa mwenyekiti wa kijiji kusalimia, huiachi kwenye tandiko. Leseni iweke kwenye nailoni isiyopitisha maji, ndani ya mfuko wa shati wenye kifungo. Ukungu wa Mufindi unalowanisha karatasi hata siku isiyo na mvua.

Angalia na njia. Ukipanda kuelekea Kitulo, pale ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kuingia hifadhini na silaha bila kibali ni kosa, hata kama ulikuwa unakatiza tu. Mashamba makubwa ya miti kama Sao Hill yana walinzi wake. Omba ruhusa kabla, wasije wakakudhania vingine.

Halafu jiulize kwa nini unaibeba leo. Zamani mishahara ya vibarua ilipelekwa shambani kwenye bahasha, na kila mtu alijua ni Jumamosi ipi. Siku hizi inapita kwenye simu. Mbwa koko si sababu: ukiwa juu ya farasi anayerukaruka, risasi uliyomkusudia mbwa ina nafasi nzuri sana ya kuingia kwenye shingo ya farasi wako mwenyewe. Kama huna jibu la moja kwa moja, iache kwenye sefu ukaendeshe farasi kwa raha.

Mfuko wa bastola

Hapa ndipo watu wanabana matumizi, na hapa ndipo pasipostahili kubanwa.

Mfuko unaofaa ni mgumu, umetengenezwa kwa umbo la bastola ileile uliyonayo, na unaifunika triga pande zote. Upime hivi. Toa magazini, vuta nyuma slaidi (chuma cha juu kinachoteleza), tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Bastola ikiwa tupu kabisa, itie kwenye mfuko. Sasa bonyeza ukuta wa mfuko kwa dole gumba, palepale triga ilipo. Kama ngozi inazama mpaka unahisi triga inaguswa, mfuko huo haukufai, hata kama ni mzuri kuutazama. Angalia pia mdomo wake. Mfuko wa ngozi uliochakaa hulegea mdomoni, ukingo unajikunja kwa ndani, na siku unairudisha bastola kwa haraka, mkunjo huo ndio unaoingia kati ya triga na chuma kinachoizunguka. Kidole chako hakipo pale, lakini kazi ya kidole imefanyika.

Mafundi ngozi wa Mwanjelwa, Mbeya, wanashona mkanda mgumu, wa ngozi mbili zilizogandishwa na kupigwa uzi, na mkanda wa namna hiyo unauhitaji kweli, maana wa kawaida wa suruali unapinda na kuiacha bastola ikining'inia. Mfuko wenyewe ni habari nyingine. Usimpe fundi kazi ya kukisia umbo la silaha, na tafadhali usimwachie bastola dukani ili "apime". Nunua uliofinyangwa kiwandani, wa plastiki ngumu au ngozi ngumu.

Kwa mtu wa miguu, mfuko unaoibana bastola kwa msuguano tu unatosha. Kwa mpanda farasi hautoshi. Unataka kizuizi cha pili: ukanda mfupi wenye kifungo cha kubana unaopita nyuma ya slaidi na kufunguliwa kwa dole gumba, au kufuli la dole gumba. Ile mifuko yenye kitufe kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada siipendi. Mtu akishtuka huendelea kubonyeza, na kidole hichohicho kinateremka moja kwa moja hadi kwenye triga. Inayofungwa kwa velkro nayo ina shida yake ya kifarasi: ule mlio wa kuchanika, ukitokea ghafla nyuma ya masikio ya mnyama, unaweza kumfanya aruke pembeni.

Jaribio la mwisho la mfuko, bastola ikiwa bado tupu: tandika godoro, geuza mfuko mdomo chini, utikise kwa nguvu zako zote. Ikitoka, rudisha dukani.

Mwilini, si kwenye tandiko

Wapanda farasi wa kijeshi Ulaya, karne za nyuma, walibeba bastola mbili kwenye mifuko iliyofungwa mbele ya tandiko. Aliyeangushwa alibaki chini mikono mitupu huku silaha zake zikienda shoti na farasi. Baadaye bastola ikahamia kiunoni, ikafungwa na kamba. Kwa mpandaji wa leo jambo halijabadilika: bastola haikai kwenye shogi, mfuko wa mizigo wa ubavuni mwa mnyama, wala kwenye begi la nyuma ya tandiko, na haifungwi kwenye tandiko kwa kamba ya aina yoyote. Farasi aliyekimbia na bastola yako atasimama kwenye shamba la mahindi la mtu, na atakayemfikia wa kwanza atakuwa mtoto.

Mahali pa mwilini tuzungumze moja moja.

Mgongoni katikati, juu ya uti wa mgongo, hapana. Ukianguka chali, kilo nzima ya chuma iko kati yako na ardhi.

Mbele ya tumbo panaficha vizuri ukiwa umesimama, na najua wengi wamezoea. Juu ya farasi panageuka. Ukipandisha mlima unainamia mbele, kitako cha bastola kinakuchoma mbavuni na mdomo wa mtutu unatazama paja, pale mshipa mkubwa wa damu unapopita. Ukishuka ni balaa zaidi: wengi wetu tunateremka kwa kuteleza, tumbo likisugua ubavu wa tandiko, na ukingo wa tandiko unaidaka bastola kutoka chini na kuisukuma juu. Jaribu na bastola tupu uone.

Kwenye kifundo cha mguu kuna buti na kuna kikuku, kile cha tandiko unachokanyagia. Sitapoteza maneno.

Kwapani panawezekana iwapo mfuko umeelekeza mtutu chini na umefungwa kwenye mkanda wa suruali kwa chini. Mfuko unaolaza bastola kwa ubapa unamwelekezea mtutu aliye nyuma yako njia nzima, na kwenye msafara wa farasi wawili watatu kuna mtu nyuma yako daima.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mahali ninapopachagua ni nyonga ya kulia, nyuma kidogo ya mfupa, ndani ya suruali. Kwa kuwa tunapanda na kushuka upande wa kushoto wa farasi, nyonga ya kulia haisuguani na tandiko. Ubaya wake ni kwamba ukiangukia upande wa kulia utaumia nyonga, lakini kati ya nyonga na uti wa mgongo chaguo ni lako.

Anayetumia mkono wa kushoto, nyonga yake ndiyo inayosugua tandiko kila akishuka. Kwake, na kwa yeyote anayepanda saa nyingi, mfuko wa kifuani ni bora: unashikwa na mikanda ya mabegani na mgongoni, unakaa chini ya koti, haupigwipigwi na mwendo. Kaza mpaka usicheze. Hakikisha mtutu unatazama chini, usiuelekee mkono ulioshika vigwe (hatamu). Mikanda ya lastiki ya tumboni ni mizuri kwa mtu mwembamba asiyependa mkanda mgumu, mradi ina ganda la plastiki ngumu mahali pa triga. Lastiki tupu, hapana.

Kuhusu kamba ya usalama: ukitumia, ifunge kwenye mkanda wako wa kiunoni tu. Isipite shingoni kamwe, na iwe fupi kiasi kwamba haiwezi kunasa kwenye kikuku.

Risasi kwenye chemba?

Wakufunzi wengi wa Marekani watakwambia bastola isiyokokiwa ni nusu bastola. Wana hoja yao, na bastola nyingi za kisasa zina vizuizi vya ndani vinavyozuia risasi kutoka hata ikidondoka. Lakini hapa kwetu si kila bastola ni ya kisasa. Tokarev TT-33 ya Kisovieti na ndugu zake wa Kichina, kwa muundo wao wa asili, hazina sefti ya mkono, ile swichi ya kuizuia bastola isifyatuke. Ukiwa na hiyo, chemba iwe tupu, hakuna mjadala. Rivolva za kizamani nazo, nyundo ikikaa juu ya risasi, pigo moja kwenye jiwe linatosha. Acha tundu lililo chini ya nyundo likiwa halina kitu.

Hata mwenye bastola mpya, ushauri wangu akiwa juu ya farasi ni magazini ndani, chemba tupu. Nakubali gharama yake: kukoki kunataka mikono miwili, na mmoja una vigwe. Jeshi la Marekani lilipopitisha bastola ya M1911 mwaka 1911, ni vikosi vya farasi vilivyokuwa vimesisitiza iwekwe sefti ya dole gumba, ili askari amudu kuifanya salama kwa mkono mmoja huku akishindana na mnyama. Lakini yule alikuwa vitani. Wewe unakagua mpaka wa mikaratusi, na hatari uliyo nayo karibu zaidi ni kuanguka. Kingine ni kwamba kuanzia hapa hadi mwisho nachukulia kwamba hutafyatua ukiwa juu.

Nguo

Koti liwe refu kupita makalio, zito kiasi, na lenye mpasuo nyuma. Bila mpasuo, ukikaa linajikusanya kiunoni na kukaa juu ya bastola kama kichuguu. Lenye mpasuo hugawanyika na kulala pande zote mbili za tandiko. Baridi ya Juni na Julai huku inakusaidia, hakuna atakayeshangaa umevaa koti zito saa sita mchana. Shida ni Oktoba na Novemba, jua likiwa kali kabla ya mvua: hapo fulana ndefu ndani na kizibao cha mifuko mingi juu kinafanya kazi.

Kata au shonea ndani kamba zote za pindo zenye vifundo vya plastiki. Zile ndizo zinazoingia kwenye mfuko pamoja na bastola. Koti la mvua la nailoni linalopepea, mzoeshe nalo farasi bandani kabla hujalivaa njiani. Farasi wengi wanaogopa nailoni kuliko chui.

Ukishavaa, panda, halafu mwambie saisi azunguke farasi na akupige picha kwa simu kutoka mbele, nyuma na pande zote, akiwa amesimama na akiwa amechuchumaa. Kwenye picha ya kuchuchumaa ndipo pindo huumbuka. Nyosha mkono kama unayepokea kitu kutoka chini, inama kama unayefungua geti, apige tena.

Zoezi bandani

Kabla ya kutoka na silaha yenyewe, panda mara kadhaa na bastola tupu, magazini ikiwa imebaki ndani ya nyumba. Anza kwa mwendo wa hatua, nenda troti, kisha shoti fupi. Troti ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu inadundisha kila kilicholegea. Kila ukisimama, papasa kwa kiwiko juu ya koti: ipo palepale, au imepanda sentimeta mbili? Kifungo bado kimebana? Panda na ushuke mara nyingi, na ushuke hata kwa upande wa kulia, maana siku farasi amekwama kwenye mtaro hutachagua upande.

Suala la mlio nalo. Usijifundishe mwenyewe kufyatua juu ya farasi. Polisi wana kikosi chao cha farasi, na wanyama wale wanazoeshwa kelele taratibu na watu wanaoijua kazi hiyo. Farasi wa shambani akisikia mlio wa risasi karibu na kichwa chake atakimbia, na wewe utabaki hewani. Kama kuna hatari mbele, ulicho nacho cha thamani ni miguu minne yenye kasi kuliko mtu yeyote: geuza, ondoka. Bastola ni ya mtu aliyeshushwa, hana pa kwenda na maisha yake yako hatarini.

Njiani

Huku kwetu farasi bado ni kitu cha ajabu. Ukipita karibu na shule wakati wa mapumziko, watoto watamiminika, watashika kikuku, watamvuta mkia, mwingine atakuomba umpandishe. Mikono yao ikinyooshwa inafika kiunoni mwako. Simama mbali, geuza ubavu usio na bastola upande wao, salimia, endelea. Wa kumpandisha, mwambie siku nyingine, siku ambayo hukubeba kitu. Wazee nao watakusogelea kwa "kamwene" na kushikana mkono. Inama kutoka begani, usikunje kiuno, koti lisinyanyuke.

Usiiguseguse bastola. Anayejipapasa kila mara ndiye anayeitangaza. Ukihisi imesogea, tafuta mahali pasipo na watu, shuka, shikilia vigwe kwenye kiwiko, rekebisha mfuko mzima bila kuichomoa.

Na kipindi cha mvua, ulanzi, pombe ya mianzi, unapokuwa mwingi, kila boma utakalopita Iringa litakukaribisha lita moja. Siku ya bastola unakunywa maji. Ukiona kukataa ni utovu wa adabu, pokea kikombe, shukuru, mpe mwenzako.

Ukianguka

Achia vigwe. Kung'ang'ania vigwe ndiko kunakovunja mabega. Ukitulia chini, usiamke haraka. Sikiliza mwili, kisha peleka mkono juu ya koti uhakikishe bastola ipo, kwa nje, bila kuitoa. Ndipo ufikirie farasi. Simu nayo iwe mwilini, si kwenye begi la tandiko, pamoja na bandeji ya kubana damu ambayo umejifunza kuifunga kwa mkono mmoja.

Kama bastola haipo, hakuna mtu anayerudi nyumbani. Weka alama ulipoangukia, tuma mmoja amfuate farasi taratibu, nyinyi wengine rudini nyuma kwa nyayo mlizokuja nazo, mkitazama chini hatua kwa hatua. Isipoonekana, nenda polisi siku hiyohiyo ukatoe taarifa, usisubiri hadi kesho ukitumaini itaokotwa.

Bastola iliyoanguka na wewe haiaminiki mpaka ikaguliwe. Tope linaweza kuwa limeziba mtutu, na mtutu ulioziba unapasuka.

Ukirudi

Mkabidhi saisi farasi, na kabla hujashika brashi wala kulegeza mkanda wa tumbo la farasi, nenda kaitoe bastola. Farasi aliyetoka safari anawashwa na jasho, na kitu cha kwanza anachofanya ni kusugua kichwa chake ubavuni mwako kwa nguvu, pale pale palipo na mfuko. Weka ndoo ya mchanga mahali pasipopita watu, elekeza mtutu humo, toa magazini, vuta slaidi, tazama, papasa. Sefu, ufunguo kwako.

Jioni ipanguse. Jasho lako na la farasi lina chumvi, na ukungu unamalizia kazi. Kutu inaanza chini ya kitako na kwenye magazini, sehemu ambazo watu husahau. Kitambaa kikavu, halafu mafuta kidogo ya silaha, kidogo kweli, yasije yakaingia kwenye risasi. Zitoe risasi kwenye magazini uzikaushe. Bastola isilale ndani ya mfuko wa ngozi: ngozi inahifadhi unyevu, na kipindi cha mvua, Novemba hadi Mei, asubuhi utakuta madoa mekundu. Mfuko wenyewe uutundike mahali penye upepo. Usiukaushe karibu na jiko la mkaa hata kama safari ni kesho alfajiri, kwa sababu ngozi itajikunja mdomoni na utalazimika kununua mwingine.